Nilimwambia Mwandishi Upepo Wake Si wa Julai

Kati ya vitabu vya watoto na vitabu vya mtihani pana nafasi tupu, na miaka yangu yote ya kusoma nimeipitisha hapo. Madukani hapa Amu, yaani Lamu, utapata vitabu vya kiada, madaftari, atlasi, juzuu na hadithi za sungura na fisi. Ukitaka riwaya ambayo mhusika wake ana miaka kumi na mitano, ana siri moyoni, hasikizani na babake na hajui mwakani atakuwa wapi, utaambiwa uagize Mombasa. Ukiagiza, kitabu kitapakiwa kwenye basi, kitapita Malindi, Minjila na Witu, kitashuka Mokowe, kisha kivushwe kwa boti. Hicho kipande cha mwisho nakijua vizuri, maana boti mojawapo ya zinazovusha watu kati ya Mokowe na Amu ni ya Ami yangu, ndugu wa babangu, na mimi ndiye mshika kamba wake tangu nikiwa shule ya msingi.

Kazi ya boti sehemu kubwa ni kungoja. Boti haiondoki mpaka ijae, na zipo saa ambazo mabasi yamekwisha kuingia, abiria wamekwisha kuvuka, na hakuna anayekuja. Wenzangu walicheza karata au walilala kivulini. Mimi nilisoma. Kitabu nilikitia ndani ya mfuko wa mkate, kwa sababu najua maji ya bahari yanavyofanya karatasi. Ukurasa ulioroa maji ya chumvi hukauka, lakini haurudi kuwa ulivyokuwa. Unakuwa mzito, siku ya unyevu unanata na mwenzake, na ukiubandua kwa haraka unachanika na kuondoka na maneno. Basi nilisoma mfuko ukiwa gotini, na Ami akipaza sauti, "Ndoo (njoo) ushike kamba!" kitabu kilikuwa kimeshaingia mfukoni kabla sijasimama. Hakunikataza hata siku moja. Aliniuliza tu, "Yeo wasoma nini?" nami nikamhadithia tukivuka, na abiria nao wakatega masikio.

Mwaka wa 2020 ndio ulionifanya msomaji hasa. Shule zilifungwa mwezi wa Machi kwa sababu ya korona, nami nilikuwa Darasa la Nane. Abiria wakapungua mpaka Ami akawa anavuka na watu wa kuhesabika. Mjomba, kaka yake mama, alikuwa na sanduku la vitabu alivyosoma sekondari. Humo nikapata Siku Njema ya Ken Walibora, riwaya iliyotoka mwaka 1996, jalada limeng'oka na kurasa za mbele zimeshonwa kwa uzi. Inamhusu kijana wa Tanga, mtoto wa mwimbaji wa taarabu, anayefiwa na mama yake kisha akashika njia kuja Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Sikujua kwamba kitabu cha Kiswahili kinaweza kumfuata kijana mmoja hatua kwa hatua, kikamwacha ahangaike, aogope, akutane na wabaya na wema, na mimi msomaji nikawa upande wake muda wote, nahangaika naye.

Nilipomaliza nikaanza tena. Mara hii nilikuwa na daftari, naandika maswali ya kumwuliza mwandishi. Alipoiandika Tanga, alikuwa amefika au aliisikia kwa watu? Alijua tangu mwanzo kama kijana atampata babake, au naye aliandika akitafuta? Mjomba alikuwa ameniambia kwamba mwandishi yuko hai, yuko Nairobi, na kwamba zamani alikuwa mtangazaji. Nikaamini nitamwona nikikua. Aprili hiyohiyo ikaja habari kwamba Walibora amekufa, amegongwa na gari jijini Nairobi.

Nililia. Mama alinikuta barazani akadhani nimepigwa na mtu. Nilipomweleza, hakuniambia niache upuuzi, wala hakuniambia kwamba yule si ndugu yangu. Alilichukua daftari, akasoma maswali moja moja, akanirudishia. Akasema, "Yashike. Kuna waandishi wengine walio hai." Neno hilo la mama ndilo lililoniongoza miaka yote iliyofuata.

Niliposomea sekondari nilianza kuingia maktaba iliyo ndani ya Ngome. Watu wa umri wa babu yangu bado huiita jela, na wana haki, kwa kuwa ilikuwa jela hadi mwaka 1984, kabla ya kukabidhiwa Makumbusho ya Taifa. Kuta zake ni nene, ndani mna baridi hata mchana wa Februari, na ukikaa humo kelele za sokoni unazisikia kwa mbali sana. Huko, na kwa walimu wawili walionikopesha vya kwao, nikaanza kuvila vitabu vya Kiingereza vya vijana.

Kimoja kilinikosesha usingizi hata kabla sijakifungua. Mwalimu aliniambia kwamba S. E. Hinton, Mmarekani, alianza kuandika The Outsiders akiwa na miaka kumi na mitano, na kwamba kitabu kilipotoka mwaka 1967 alikuwa na miaka kumi na minane. Jina lake la kike, Susan, halikuwekwa jaladani, ili wasomaji wa kiume wasikikatae kitabu cha vijana wahuni wa mjini kwa sababu tu kimeandikwa na msichana. Nilikisoma nikijua kwamba aliyekiandika alikuwa darasani kama mimi, ana mitihani kama mimi. Kabla ya hapo nilidhani mwandishi ni lazima awe mzee, awe na miwani, awe na shahada, na kama wa kwetu, awe na kilemba.

Kingine ni The House of Rust cha Khadija Abdalla Bajaber wa Mombasa, kilichotoka mwaka 2021. Msichana Aisha, ambaye babake mvuvi amepotea baharini, anatoka kumtafuta kwa mashua ya mifupa, yeye na paka anayesema. Kwa mtu wa Amu, ambako paka wamejaa tangu sokoni hadi misikitini, paka anayesema si jambo la kushangaza sana. Mtu anaweza hata kuuliza mbona amechelewa kusema. Binamu yangu, binti wa Ami huyuhuyu, alikiazima kitabu hicho kwangu na sikukiona tena mpaka mwaka ulipogeuka. Alinirudishia kikiwa na alama za penseli pembeni, na sehemu nyingi alizopigia mstari ni zile Aisha anapokataa kufanya alivyoambiwa.

Cha tatu, The Dragonfly Sea cha Yvonne Adhiambo Owuor, cha mwaka 2019, si kitabu cha vijana kwa rafu za maktaba, lakini mhusika wake Ayaana ni mtoto wa Pate, kisiwa kilicho jirani nasi, nasi tunamwona akikua mpaka bahari inampeleka China. Nilimhadithia Ami sura za mwanzo tukingoja abiria. Alisikiliza kwa makini, kisha akauliza swali ambalo mimi sikulifikiria: "Wakipita Mkanda, maji yamejaa au yametoka?" Mkanda ni mkondo mwembamba wa mikoko kati ya kisiwa cha Manda na bara, ndiyo njia ya kwenda Pate, na maji yakitoka chombo kizito hakipiti. Ami hakuwa akitafuta kosa. Alitaka kuiona safari, na bila kujua maji yako wapi hawezi kuiona. Tangu siku hiyo nasoma hivyo, nikiuliza maji yako wapi, upepo unatoka wapi, nani amepika chakula wanachokula.

Na ninasema hapa kwa moyo wote: navipenda vitabu hivyo vitatu, lakini vyote vitatu ni vya Kiingereza. Binamu yangu mwingine, mdogo zaidi, ambaye Kiingereza chake bado ni cha darasani tu hawezi kuingia humo. Kijana wa Matondoni au wa Kizingitini anahitaji riwaya ya Kiswahili iliyoandikwa leo, ya rika lake, na aipate kabla hajafika madarasa ya juu ya sekondari na kuanza kusoma kwa ajili ya maswali ya mtihani. Sisi tulisoma Nguu za Jadi ya Clara Momanyi kwa mtihani, na ni riwaya nzuri, lakini wengi darasani waliifungua kwa hofu, wakitafuta maudhui na mbinu za lugha kabla ya kumjua mhusika hata mmoja. Atakayeizoea riwaya akiwa na miaka kumi na mitatu, kwa raha yake tu, hatakuja na hofu hiyo.

Ndiyo sababu siku ile ya Ngome ilikuwa kubwa kwetu. Mwandishi mmoja wa hadithi za vijana, mama wa makamo kutoka Mombasa, alikuja Amu likizo ya Agosti kutembelea jamaa zake. Aliomba nisimtaje, nami namtii. Mwalimu wetu wa Kiswahili alipopata habari alimwendea, naye akakubali kukaa nasi alasiri moja pale Ngome. Mwalimu akaweka sharti moja tu: asiyekisoma kitabu asije. Nakala zenyewe zilikuwa chache, basi zikazunguka nyumba kwa nyumba, kila nakala na karatasi yake ya majina, ukimaliza unatia alama na kumpelekea anayefuata. Wasichana walisomea kwenye madaka ya nyumba zao, kule penye viti vya mawe mlangoni, maana baada ya magharibi hawatoki ovyo, na kwenye daka mtu yumo nyumbani na yuko nje kwa pamoja. Nakala ya mtaa wa Langoni ilipotea, ikaonekana kwa mama wa mmoja wetu. Naye alikuwa katikati ya sura ya nane, akakataa kuitoa mpaka amalize.

Nimeshaona mikutano ya waandishi ambako watu hawakusoma kitu. Huwa ni hotuba, makofi, picha, foleni ya saini. Nilisimama katika foleni kama hiyo wakati wa tamasha moja hapa mjini, nikapata saini na picha, na sina zaidi la kueleza. Siku ya Ngome kila mtu aliyeketi alikuwa na neno lake.

Kitabu kinamhusu Saidi, mvulana wa Amu wa miaka kumi na mitano, anayegombana na babake na kutoroka kwa jahazi kwenda Mombasa. Sura ya kutoroka ni nzuri kabisa: usiku, gati tupu, kifurushi chini ya kwapa, moyo unamdunda. Kisha tanga linapandishwa, upepo unalijaza kwa nyuma, na baada ya siku mbili minara ya Mombasa inaonekana. Mwandishi ameandika kwamba ni mwezi wa Julai.

Zamu yangu ilipofika nilisimama.

"Shikamoo, Bi. Kitabu chako nimekisoma na nimekipenda. Lakini Saidi hawezi kufika Mombasa vile."

Mwalimu alinikazia macho. Mwandishi akasema, "Marahaba, mwanangu. Hebu eleza."

Nikaeleza kama nilivyofundishwa na Ami. Julai ni msimu wa upepo wa kusi, na kusi hutoka kulekule Saidi anakokwenda. Jahazi la tanga likitoka Amu kwenda Mombasa mwezi huo linakabiliana na upepo wa omo, yaani wa mbele. Litabisha, yaani litakwenda mshazari huku na huku, na bahari ya nje nayo imechafuka. Zamani miezi ile ya kusi kali vyombo vilipandishwa pwani vikafanyiwa kazi. Wa kwenda kusini hungoja kaskazi, ambayo huanza kuvuma Novemba au Disemba, ndiyo itakayomsukuma kwa nyuma kama alivyoandika.

Alinyamaza. Nilidhani amekasirika. Kumbe alikuwa anafikiri, kwa sababu aliponiuliza aliniuliza kwa hamu: "Basi niambie. Saidi ashagombana na babake. Ashafunga kifurushi. Kusi yavuma. Wewe ungemfanya nini?"

"Ningemngojesha."

"Mpaka lini?"

"Mpaka kaskazi. Miezi minne, labda mitano."

"Na hiyo miezi mitano akae wapi?"

Hapo ndipo nilipoiona. "Nyumbani, Bi. Kwa babake."

Watu waliguna. Mwandishi aliinuka kabisa kitini. Akasema kwamba hicho ni kitabu kingine: kijana aliyekwisha kuamua kuondoka, kifurushi kiko chini ya kitanda, na kila siku anakula sinia moja na mtu anayemkimbia. Akasema kitabu hicho kizuri kuliko alichokiandika. Binamu yangu akadakia kwamba katika miezi mitano Saidi anaweza kubadili nia. Mvulana mwingine akasema habadili, maana amekwisha kumwambia nahodha. Mwingine akauliza, je, baba akikiona kifurushi asiseme kitu? Wakabishana mpaka mwalimu akasahau kutazama saa. Mimi nilikaa kimya nikisikiliza. Nilikuwa nimetaja upepo, na sasa watu wazima na watoto walikuwa wakizungumza habari ya baba na mwana.

Baadaye alitoa mkobani daftari kubwa lenye jalada gumu jeusi, mswada wa kitabu kilekile, akaliweka mkekani tulifunue wenyewe. Nililiangalia kwa karibu sana. Ameandika kwa kalamu ya risasi, mistari imebanana, na karibu kila ukurasa una maneno yaliyokatwa. Sura ya kwanza ameikata yote kwa mstari mmoja mrefu wa mshazari, na chini yake ameianza upya, kisha mwanzo huo mpya nao ameukata. Pembeni kuna mishale, namba za kurasa, na mahali pamoja kuna orodha ya vitu vya sokoni: vitunguu, bizari, nazi. Jina la Saidi halikuwepo katika kurasa za mwanzo. Kulikuwa na jina jingine, limekatwa kila lilipotokea, na Saidi limeandikwa juu yake kwa herufi ndogo.

Binamu yangu akamwuliza kwa nini alilibadili. Akajibu kwamba jina la kwanza lilikuwa la kijana aliyemjua, na kila alipotaka kumfanya akosee alimwonea haya, akamwokoa. Alipompa jina jingine, akaweza kumwacha akosee.

Jambo hilo halimo katika kitabu chochote nilichosomeshwa kuhusu wahusika na uhusika, nami nalitumia hadi leo kila ninaposoma. Mhusika ambaye hakosei hata kidogo namtazama mara mbili: labda mwandishi wake anamwonea haya mtu fulani.

Tukamwuliza mengi mengine. Alitueleza kwamba mswada wake ulikataliwa na wachapishaji kabla ya kupokewa, na kwamba mhariri alitoa sura nzima ya harusi ambayo yeye aliipenda kuliko zote. Kuhusu pesa alijibu bila kuficha kwamba hapati za kumtosha kuishi, anafundisha. Hayo mengine nayapita.

Usiku ule nilimweleza Ami. Alifurahi kwa upepo wake kufika kwenye mkutano wa vitabu, kisha akaniambia jambo lililonifungua zaidi: "Hivyo ndivyo walivyokuwa wakifanya wazee. Mtu akitunga, hujibiwa."

Ni kweli, na nilikuwa nikilijua bila kulijali. Kabla ya vita vya Kuduhu, ambavyo wengi huviita vita vya Shela, mwanzoni mwa karne ya 19, washairi wa Mombasa na wa Amu walitumiana mashairi, wakitishana na kujibizana. Upande wetu alikuwako Zahidi Mngumi. Shairi lilivuka bahari, likasomwa mbele ya watu, na watu wakakaa kitako kulitungia jawabu. Msomaji wa enzi hizo hakuwa mtu wa kungoja saini. Mimi nilikuwa nikiwatafuta waandishi kwenye mabasi yanayotoka Mombasa, na mtaani kwetu kuna mzee mtunzi ambaye nimempa salamu tangu niko mdogo nikidhani ni fundi saa tu. Nilimwendea. Kabla hajakubali kujibu swali langu alinitaka nisome beti zake kwa sauti, na nilipokosea mizani alinisimamisha nirudie. Ana jamvi, saa zilizofunguliwa matumbo, na bunda la karatasi, na katika bunda hilo majibu aliyopewa na watu wengine ni mengi kuliko tungo zake mwenyewe. Ameyahifadhi yote, pamoja na yale yaliyomtukana.

Kwake nilianza kufikiri upya habari ya maandishi ya vijana hapa kwetu. Si kweli kwamba hayakuwako. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, uliandikwa kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Mama bado anakumbuka kaseti ya Wasiya wa Mabanati wa Ustadh Mahmoud Mau, imamu na mshairi wa papa hapa, tungo ya miaka ya 1970 iliyowaendea wasichana nyumbani kwao hata wale wasiosoma. Watunzi wetu wamekuwa wakisema na vijana kwa muda mrefu, tena kwa mapenzi makubwa. Ila mle ndani kijana husikiliza. Mwana Hashima hasemi hata ubeti mmoja katika utendi ulioandikwa kwa ajili yake. Mimi nauheshimu utendi ule, Bibi aliujua kwa moyo na alikuwa akiusoma akisuka ukili, lakini nimekuwa nikitamani kujua binti aliuliza nini, alikubali lipi, lipi lilimwuma. Riwaya ya vijana inanivuta kwa sababu hiyo: kijana ndiye anayesema, hata akiwa amekosea.

Siku hizi tunasoma kikundi, wavulana na wasichana, alasiri za Jumamosi, na mwalimu yuleyule anakaa nasi. Sharti ni lilelile. Kila mtu anakuja na jibu moja kwa mwandishi, si sifa, jibu: pale ambapo hakuamini, au pale alipotaka zaidi, au jambo analolijua yeye na mwandishi halijui. Seremala wa madau anajua mbao. Anayesaidia mamake kupika mahamri anajua saa ngapi moto unawashwa. Wengine huona haya mwanzoni, wakidhani kumjibu mtu mzima aliyeandika kitabu ni utovu wa adabu. Mwalimu huwaambia waanze kwa shikamoo kisha waseme walichonacho. Majibu mengine tumeyapeleka kwa wasapu, na waandishi wawili wametujibu kwa urefu. Wengine hawakujibu, na tunaendelea kuvisoma vitabu vyao.

Mwandishi wa Saidi hakunisahau. Baada ya muda alinitumia kurasa za mswada mpya, akaniomba nimwonyeshe Ami mambo ya bahari. Sasa kitabu kinaanza na kusi. Jahazi limepandishwa pwani, linafanyiwa kazi, Saidi anasaidia kutia pamba kwenye nyufa huku akiwazia kuondoka, na babake ndiye fundi anayekitengeneza chombo kitakachomchukua mwanawe. Hilo la mwisho sikumwambia mimi. Ami alisikiliza yote, akasahihisha mambo mawili ya kamba na moja la tanga, kisha akasema jahazi sasa laweza kutoka.

Binamu yangu ndiye aliyekuwa na neno zito zaidi. Katika kurasa zile Saidi ana dada, Rukia, anayekijua kifurushi kiko wapi na hasemi kitu sura tatu nzima. Alimrekodia mwandishi sauti ndefu, nikimsikia nyuma ya pazia: msichana anayejua siri kubwa namna hiyo hanyamazi sura tatu, ama atamwambia mama, ama atataka kitu ili anyamaze, ama atataka kwenda naye. Jawabu lilikuja usiku huohuo. Mwandishi alimwuliza, "Rukia angetaka nini? Niandikie mazungumzo yao, yeye na Saidi, kama unavyoyasikia."

Tangu hapo binamu anaandika kwenye daka kila alasiri. Amekwisha kukata mwanzo mara kadhaa, daftari limechafuka kwa mistari, na hataki nisome hata neno moja kabla mwandishi hajasoma.